Usitikise Kichwa, Tikisa Kikombe

Jioni moja hapa Iringa nilikunywa vikombe saba vya kahawa chungu, na usiku ule sikupata usingizi mpaka nikasikia adhana ya alfajiri. Si kwamba naipenda kahawa. Kwetu Rungwe kahawa tunailima, tunaianika, tunaiuza, halafu tunakaa chini kunywa chai. Nilikunywa saba kwa sababu kila nilipomaliza niliweka kikombe chini nikasema "asante, nimetosheka," na kila nilipokiweka, mtoto aliyeshika dele alikichukua akakimiminia tena kidogo. Mimi natikisa kichwa, yeye anamimina. Nikadhani ananitania. Kumbe naye alikuwa anashangaa huyu dada ana tumbo la namna gani.

Ilikuwa nyumbani kwa mwenzangu wa chumba hosteli. Baba wa babu yake alitoka Oman, akapanda na biashara mpaka huku kwenye baridi, akaoa, akazaa, na leo wana duka la vitambaa na vyombo mjini. Ilikuwa Idi pili. Bumu lilikuwa limekata, kantini nadaiwa, kwa hiyo mwenzangu aliposema twende nyumbani tukale pilau sikusubiri aseme tena. Wiki hiyo alikuwapo shangazi yao aliyekuja kutoka Muskati, na kwa heshima yake kahawa ilitolewa kwa taratibu za kule. Hapo ndipo nilipopatikana.

Shangazi ndiye aliyeniokoa. Alikuwa ananitazama tangu kikombe cha tatu. Kilipofika cha saba akacheka mpaka akafuta machozi, akasema, "Mwanangu, usitikise kichwa, tikisa kikombe!" Akanionyesha: unakishika kwa vidole vya mkono wa kulia, unakitikisa kulia na kushoto mara mbili tatu, unamrudishia anayemimina. Basi. Huna haja ya kusema neno.

Tangu siku hiyo nimekuwa naandika mambo haya nyuma ya daftari la Mbinu za Kufundishia, na nayaleta hapa kwa sababu najua wasomaji wa jarida hili ni watu gani. Muhula ukiisha tunapangiwa mazoezi ya kufundisha. Kuna watakaopelekwa Unguja, Pemba, Tanga au Bagamoyo wakiwa hawajawahi kukaa nyumba ya Mwislamu hata siku moja. Kuna watakaomaliza na kutafuta kazi Oman. Na kuna ambao hawatakwenda popote, watapanga chumba kwa mwenye duka hapa hapa Iringa au kule Mbeya, na mwezi wa kwanza tu wataitwa kula futari.

Kwanza hilo neno "Mwarabu" tunalitumia ovyo. Huku Nyanda za Juu Kusini kila mwenye duka mwenye nywele za singa ni Mwarabu. Ukienda Rujewa, wilayani Mbarali, utakuta familia ambazo watu wamezoea kuziita za Waarabu kumbe ni za Wabaluchi. Asili yao ni pwani ya Makran, upande wa Pakistan na Iran. Masultani wa Oman waliwaajiri kuwa askari, wakaja nao Zanzibar, na katika karne ya 19 baadhi yao wakapanda bara na misafara ya pembe za ndovu na watumwa. Bandari ya Gwadar, huko kwao, ilikuwa chini ya Oman mpaka 1958 ilipohamia Pakistan. Wengine ni Washihiri kutoka Hadhramaut kule Yemen, na wengine ndio hao wa Oman. Historia ya misafara ile si tamu, na sisi tunaosoma Historia na Kiswahili tunaijua. Lakini mtu unayeingia kwake leo amezaliwa hapa. Kumuuliza asili yao ni wapi, mkiwa mmeshakaa vizuri, si kosa. Mara nyingi utapewa hadithi ya saa nzima. Kosa ni kuanza na "nyie Waarabu". Nilimsikia mwenzetu mmoja akimwambia hivyo mzee dukani. Mzee akamjibu kwa Kihehe safi, na aliyesema hakuelewa hata neno.

Tuje mlangoni. Sisi wa bara tunapiga hodi huku mguu mmoja umeshaingia. Kwenye nyumba ya Kiislamu hodi ni ombi, na ombi linaweza kukataliwa. Kurani katika Surat An-Nur, aya ya 27 na ya 28, inamkataza mtu kuingia nyumba isiyo yake mpaka aombe ruhusa na awatolee salamu waliomo, na akiambiwa arudi, arudi. Hodi hupigwa mara tatu kwa nafasi. Zikipita tatu kimya, unaondoka bila kinyongo, hata kama unasikia redio ndani. Na ukisimama, simama pembeni ya mlango, usisimame katikati macho yakitazama ndani. Viatu vinabaki nje au kizingitini. Hilo la viatu tunalijua wote, ila soksi zenye matundu huwa tunazikumbuka tukiwa tumeshachelewa.

Kosa langu la kwanza siku ile ya Idi halikuwa kahawa, lilikuwa mkono. Niliingia, nikamkuta babu mtu ukumbini, nikampa shikamoo nikinyoosha mkono. Babu akaitikia marahaba kwa uso mkunjufu kabisa, ila mkono wake wa kulia akauweka kifuani. Wangu ukabaki hewani kama wa mtu anayesimamisha daladala. Utaratibu ni kwamba mwanamke na mwanamume wasio ndugu hawashikani mikono, au angalau wewe mgeni usianze. Mwenyeji akinyoosha wake, mpe. Asiponyoosha, weka wako kifuani kama yeye, sema salamu yako, maisha yanaendelea.

Nilinuna kidogo moyoni, nikaona kama nimeonekana mchafu. Halafu nikamkumbuka mama. Kwetu Unyakyusani mkamwana hakutani na baba mkwe. Akimwona njiani anapinda na kuinama pembeni mpaka apite. Jina la mkwe halitaji, na hata maneno ya kawaida yanayofanana na jina hilo atayakwepa atafute mengine. Mama yangu bado anafanya nusu ya hayo, na sijawahi kumsikia babu akisema mama anamdharau. Ni heshima, na ina uzito wake kila siku kwa anayeibeba. Sasa mimi niliyekulia kwenye nyumba ambayo mama anazunguka nyuma ya jiko asikutane na babu, nashangaa nini pazia la ukumbini kwa watu wengine?

Kwa hiyo usishangae mkitenganishwa. Nyumba nyingi za namna hiyo zina sebule ya wageni wa kiume karibu na mlango wa nje, ndiyo majilisi, na wanawake wanapita ndani. Ukaaji huo wa majilisi, pamoja na kahawa ya Kiarabu, vyote viwili viliingizwa na UNESCO mwaka 2015 kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika, na Oman ni mojawapo ya nchi zilizoviombea. Kaka zangu mtakaokaa kwenye mazulia: kunja miguu, nyayo zisimtazame mtu. Dada zangu: kanga moja kwenye mkoba haina uzito. Mimi yangu nilisahau, nikaazimwa.

Chakula. Kabla hakijaletwa inaletwa maji, birika na bakuli, na anayenawisha huwa mtoto wa nyumba. Hapo nilijisikia nyumbani, maana hata kwetu mtoto ndiye anayeleta maji ya kunawa, tena anapiga goti. Kisha likaja sinia, pilau imelima kilima katikati, nyama juu. Mnalizunguka. Unakula kwa mkono wa kulia tu, hata kama wewe ni wa shoto (wenzetu wa shoto poleni, mkono wa kushoto uwekeni chini ya mapaja kabisa). Unakula upande wako, unachimba kwako. Nyama usiivizie, itakuja yenyewe, maana mwenyeji anaichambua na kuisogeza mbele ya mgeni. Bibi wa nyumba alinisogezea vipande mpaka nikaona kama natahiniwa. Nilipoanza kusafisha upande wangu ubaki mweupe, kama tunavyofanya kantini, mwenzangu akanikanyaga chini kwa chini. Kwao sinia likitoka kwa wageni linaendelea kwa wengine wa nyumbani, na mgeni anayemaliza kila punje anamfanya mwenyeji akimbie jikoni kuongeza, akidhani hakutosheleza.

Na usikatae. Hapa ndipo wengi wetu tunapokosea tukidhani tuna adabu. Ukiambiwa karibu, unaweza kusita mara ya kwanza, huo ni uungwana. Ukisita mara ya tatu umekataa nyumba. Kama umeshiba kweli, chukua tende moja, kipande cha halua, fundo moja la kahawa. Watu wa kwetu wangelielewa hili haraka, maana kwetu kukataa chakula ni kama kusema unaogopa mkono uliopika. Bibi yangu mzaa mama bado anaonja kimpumu mwenyewe kwanza mbele ya mgeni, ili mgeni aone hakuna kitu.

Sasa kahawa yenyewe, maana ndiyo iliyonitesa. Unywaji wa kahawa tunaoujua ulianzia Yemen karne ya 15, ukasambaa kwa mahujaji na wafanyabiashara, na adabu zake zikasambaa pamoja nao. Anayemimina anashika dele kwa mkono wa kushoto na kikombe kwa wa kulia. Anaanza na mgeni au mkubwa. Kikombe hakina mkono na hakijazwi. Mimi nilidhani ni ubahili, chini kabisa kidogo hivi, kumbe kikombe kilichojaa ndiyo tusi: kinamwambia mgeni kunywa uondoke. Kidogo kidogo maana yake kaa, tuna muda, tutakumiminia tena. Kwa hiyo vile vikombe saba vyangu vilikuwa mara saba watu wananiambia kaa, na mimi mara saba nawaelewa vibaya.

Kisha nikawaelewa vibaya upande wa pili. Baada ya kahawa uliletwa ubani kwenye chetezo. Ubani mzuri unatoka Dhofar, kusini mwa Oman, na shangazi alikuja nao kwenye sanduku. Chetezo kinazungushwa, kila mmoja anajifukiza nguo na mtandio, kinaenda kwa mwenzake. Nikafurahi, nikauliza maswali, nikaegemea ukuta vizuri, nikaendelea kupiga stori kwa saa nzima. Mwenzangu ananitolea macho. Njiani ndipo akaniambia kwamba kwa watu wa Ghuba moshi ule ndio kwaheri. Wana msemo kabisa, kwamba baada ya udi hakuna kukaa. Hakuna anayekuambia nenda, hata siku moja. Wanakufukiza, unashukuru, unaomba ruhusa. Wataikataa ruhusa mara moja kwa heshima, unaomba tena, wanakusindikiza.

Na lile la tatu sijalimaliza hadi leo. Kile chetezo kilikuwa cha udongo, kimepakwa rangi ya buluu na dhahabu, kizuri sana. Nikakisifu. Nikakisifu tena. Nikakishika. Wakati wa kuondoka, mfuko niliopewa wa kubeba pilau ulikuwa mzito kuliko pilau. Nilipofungua hosteli nikakikuta chetezo kimeviringishwa kwenye kanga. Ile ile niliyoazimwa. Mgeni akikisifu kitu cha nyumba kwa pupa, mwenyeji anaweza kuona ameombwa, na kumnyima mgeni ni aibu. Kinachosemwa ni "Mashallah", mara moja, na macho yanahama. Nilitaka kukirudisha kesho yake. Mwenzangu akasema ukikirudisha ndiyo umewatukana kweli.

Nikampigia simu mama kuuliza nifanye nini, na mama hakufikiri hata dakika. Kwa basi la wiki ile ukafika mfuko wa mchele wa Kyela, kilo kumi. Nikaupeleka. Bibi akaunusa, akauita mfuko mzima "mwanangu", na Ijumaa iliyofuata sahani ya biriani ya mchele ule ikaja hosteli. Hapo sasa nikajifunza kwamba sahani ya watu hairudi tupu. Weka hata ndimu nne. Nikaweka maparachichi. Tangu hapo sahani ile haijapumzika, na sijui tena iko kwa nani.

Tunaposoma historia ya pwani tunapewa safari ya Ibn Battuta ya mwaka 1331 kama ushahidi wa biashara: Mogadishu, Mombasa, Kilwa, dhahabu, misikiti. Safari hii niliirudia nikitafuta chakula. Anaeleza kwamba meli ikifika Mogadishu vijana walikuwa wanaifuata kwa mashua, kila mmoja na chakula kilichofunikwa, anamkabidhi mfanyabiashara mmoja na kusema huyu ni mgeni wangu. Toka hapo mgeni huyo anakaa kwa mwenyeji huyo na biashara yake inapita mikononi mwake. Ibn Battuta mwenyewe, kwa kuwa alikuwa msomi, alipelekwa kwa kadhi, akaletewa tambuu na popoo, kisha wali wa samli na michuzi ya kuku, nyama, samaki na mboga, ndizi zilizopikwa kwa maziwa, ndimu na pilipili za achari, tangawizi mbichi na maembe. Siku tatu alilishwa hivyo. Siku ya nne, Ijumaa, akaletewa nguo. Na Kilwa alimkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyepewa lakabu ya Abu al-Mawahib, baba wa vipawa, kwa jinsi alivyokuwa anatoa. Ndizi kwa maziwa! Mtu wa Tukuyu akisoma hapo lazima atabasamu.

Hizo siku tatu si za bahati. Katika hadithi za Mtume zilizopokewa na Bukhari na Muslim, haki ya mgeni ni kukirimiwa vizuri mchana mmoja na usiku wake, ugeni wenyewe ni siku tatu, na kinachozidi hapo ni sadaka. Tena hadithi hiyo inamgeukia mgeni: haifai akae mpaka amtie mwenyeji dhiki. Waswahili wakali zaidi, wao jembe linatoka siku ya tatu. Nayasema haya hasa kwa wale mtakaofikia kwa jamaa wa rafiki mkiwa hamjapata chumba kwenye kituo cha mazoezi. Mwenyeji hatakuambia siku zimeisha. Utajua wewe.

Mpaka hapa naonekana kama mtu aliyefuzu. Sasa niwaambie nilivyoshindwa, na nilishindwa nikiwa nyumbani kwetu.

Likizo ya mwaka jana nilimwalika mwenzangu Rungwe. Nilikuwa nimekula kwao mwaka mzima. Nilijua vizuri kabisa nini anakula na nini hali. Nilijua kwamba sufuria za mama zinapika kitimoto, kama sufuria nyingi za Mbeya, na kwamba jogoo wa mgeni atachinjwa na kaka yangu. Nilichotakiwa kufanya ni kupiga simu moja. Sikupiga. Niliona aibu kumwambia mama kwamba kuna mtu hawezi kula kwenye vyombo vyake; nikaona pia aibu kumuuliza mwenzangu mbele ya abiria. Makambako nikasema nitapiga tukifika Igawa. Igawa nikasema Uyole. Uyole tukakimbilia gari la Tukuyu kwenye mvua.

Tulifika jioni. Mwenzangu alikuwa amefanya mazoezi ya "Ugonile" tangu Iringa, na kwa mama akasema "Mugonile," kwa wingi, kwa heshima, na akapiga goti kidogo. Mama akamkumbatia. Nusu saa baadaye likaja bakuli la ndizi, na juu yake paja na firigisi, ambayo kwetu haipewi mtu ovyo. Mwenzangu alilipokea bakuli kwa mikono miwili. Akalishika. Akanitazama mimi. Kisha akasema taratibu, "Mama, naomba unisamehe."

Mama hakugomba. Alilichukua bakuli, akaenda nalo jikoni, na nilipomfuata akaniuliza kwa Kinyakyusa kama nimemletea mtu anayedhani tunampa sumu. Alikuwa analia. Nikamweleza, nimechelewa. Usiku ule mgeni wetu alikula mayai ya kuchemsha yakiwa na maganda yake, parachichi na maziwa ya mgando, akasifia kila kitu, na mama akaitikia kila kitu kwa "haya". Anayejua nyumba zote mbili alikuwa mimi peke yangu, na mimi ndiye niliyenyamaza.

Msidhani suala la nani achinje ni dogo. Mwaka 2013 nilikuwa mtoto, lakini nakumbuka wakubwa wakizungumza kwa sauti ya chini. Februari ya mwaka ule mtu aliuawa Buseresere, Geita, na Aprili vurugu zikatokea Tunduma, ambayo wakati huo ilikuwa bado mkoa wa Mbeya, na chanzo kilikuwa hicho hicho cha kuchinja. Watu waliokuwa wanakula pamoja miaka yote. Babu ananiambia zamani hapakuwa na mjadala. Ukiwa na harusi au msiba, Mkristo wewe, ulimwita jirani Mwislamu akuchinjie ng'ombe, si kwa sababu sheria inasema, bali ili asiwepo mtu wa kuondoka na njaa kwenye shughuli yako.

Babu ndiye aliyeamka mapema. Alimtuma kaka kwa fundi cherehani mmoja pale senta, Mwislamu, anayemshonea koti. Fundi akaja kwa miguu, na kisu chake mwenyewe, akachinja jogoo wa pili nyuma ya jiko, akakataa hela. Hakuruhusiwa kuondoka, bila shaka. Alikaa mpaka chakula kilipoiva, na yeye na babu wakakaa mlangoni wakizungumza kile wazee wa kwetu wanachokiita ukwangala, raha ya kukaa na watu wanaoelewana. Monica Wilson, mtafiti aliyekaa na Wanyakyusa miaka ya 1930, aliliona neno hilo ni zito kiasi kwamba kitabu chake cha 1951 kuhusu vijiji vyetu kinalizunguka. Mimi nilikuwa nachambua mchele, nikiwasikiliza.

Kuhusu chombo, mwenzangu alimwambia mama kwamba sufuria ikisafishwa vizuri inatosha. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akavaa kanga, akashuka Tukuyu mjini kwenye mvua, akarudi na sufuria mpya ya kilo mbili na mwiko. Kuku yule alipikwa humo. Mgeni alikula, akaongezwa, akaongezwa tena, na alipozidiwa akanyanyua kikombe chake cha chai akakitikisa kulia na kushoto. Mama akaniuliza ana nini.

Sufuria ile ina uzi mwekundu kwenye mkono na inaning'inia peke yake juu ya kabati. Mdogo wangu alichemshia mahindi humo mwezi wa tatu, akachapwa. Kila mama akipiga simu, kabla hajauliza kama nimekula, anauliza mwenzangu anakuja lini.